Kisanduku cha Kumi na Mbili

Fundi wa maabara alikuwa amepasua mende elfu tatu na ushei kwa mkono wake, na hakuna hata mmoja aliyemdanganya. Mende si mnafiki. Ukimfungua chini ya hadubini anakuonyesha alichokula, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima peptidi, vijumbe vidogo mno vinavyotumwa kati ya ubongo na utumbo kumweleza mdudu kama ameshiba au ana njaa. Alitoa ubongo, akatoa utumbo, akasaga, akaiachia mashine ihesabu. Tarakimu aliziandika kwa wino mwanzoni mwa daftari. Mashaka yake aliyaandika kurasa za nyuma kabisa, kwa penseli, maana mashaka, alisema, ni ya mwenyewe mpaka yathibitike.

Miaka mitatu alifanya hivyo, akitaka kitu kimoja tu: jina lake kwenye makala ya utafiti ule. Chuo kilishamwambia wazi kwamba bila makala yenye jina lake hapati nafasi ya kusomea shahada.

Na aliahidiwa. Aliyemwahidi ni mtafiti kijana waliyemwita Kibano, jina alilolipata wiki yake ya kwanza alipovunja vibano viwili na kujichoma kidole kwa cha tatu. Fundi ndiye aliyemfundisha kukishika.

"Dada, tuko pamoja," Kibano alikuwa akisema kila akiazima daftari lake. "Langu la kwanza, lako la pili."

Siku ya mkutano wa kuwasilisha makala fundi alipiga pasi gauni alilovaa harusi ya binamu yake, akakaa safu ya mbele kama mama wa bwana harusi. Ukutani yakatokea majina manne ya waandishi. La kwanza, Kibano. La pili, mkuu wa idara, ambaye akiona mende hupanda kiti. Mawili ya mwisho hakuwahi kuyasikia. Akasoma upya, polepole. Lake halikuwamo. Aliumia, jamani. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amemvalisha koti la maabara yeye mwenyewe, akamfunga na vifungo.

Halafu akaona kwenye mchoro tarakimu za kisanduku cha kumi na mbili, kimojawapo cha visanduku walimofugiwa mende. Hicho alikuwa amekiondoa kwenye hesabu zamani.

Mgeni mmoja, mzee mwenye miwani, akanyoosha mkono. "Mende wa kisanduku hiki hawakulishwa siku tano. Mbona vijumbe vyao vinasema wameshiba?"

Kibano akatazama karatasi zake, akatazama ukuta, kisha akamwona fundi.

"Hilo ni kosa la fundi wetu," akasema. "Nadhani alichanganya vichupa."

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi akasimama.

"Sikuchanganya. Mende wetu wanalala kwenye trei za mayai, zile za karatasi. Hawa walipokosa chakula walizitafuna. Nilizikuta tumboni, nikaandika kisanduku hiki kisitumike."

"Uliandika wapi?" mzee akauliza.

"Nyuma ya daftari, kwa penseli. Aliyenakili aliishia kwenye wino."

"Na nani aliwapasua?"

"Mimi. Wote."

Mzee akamgeukia Kibano. "Wewe umepasua wangapi?"

Kibano akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Makala iliondolewa juma lile lile, nzima nzima, pamoja na tarakimu zote za kweli zilizokuwamo. Ijumaa chuo kikafunga maombi ya kusomea shahada. Fundi alilia chooni, akanawa uso, akarudi kuwalisha mende.

Kibano alimkuta hapo, akasimama mlangoni na daftari kwapani.

"Dada, umetumaliza wote. Kwa nini hukuniambia habari za penseli?"

"Ningekuambia," fundi akasema, "kama ungeniambia unaiba."

Akanyoosha mkono, akadai daftari lake.