Mti Usioambiwa

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1953, Sikuzani binti Lukumani alikuwa amechuchumaa uani kwa mwenye duka mmoja wa Nachingwea, mbele ya malundo mawili ya mabati, na fundi Saturnini alikuwa amesimama nyuma yake akitafuna muwa. Lundo la kushoto lilikuwa la mabati mapya kutoka Lindi. Lundo la kulia lilikuwa la mabati ya zamani, yaliyobanduliwa kwenye banda la matrekta la watu wa karanga, wale Waingereza wa mradi mkubwa wa mashamba ya karanga. Hao watu wa karanga walikuwa wamefunga shughuli zao, na sasa kila kilichoweza kung'olewa kilikuwa kinauzwa.

Saturnini alifundishwa useremala misheni, na kwao kulikuwa Ruangwa. Hakuwa mtu wa maneno, ila kwenye mabati alikuwa nayo. Alishika pembe ya bati jipya, akaisukuma kwa kidole gumba, nayo ikakunjika.

"Hili jembamba, mama," alisema. "Mvua ya Januari ikilipiga, humo ndani hamtasikilizana. Halafu limekaa sana kule pwani, limekula chumvi. Unaona hivi vidoa? Baada ya miaka mitano utatega masufuria chini."

"Na haya mengine?"

Alijaribu pembe ya bati la zamani, nayo ikakataa kukunjika. "Haya ni mazito. Haya yatakuzika. Ubaya wake ni matundu ya misumari, lakini hayo tutaziba kwa lami."

Maelezo yalikuwa mazuri, ila Sikuzani alikuwa ameshachagua. Kwenye mabonde ya mabati yale ya zamani kulikuwa na udongo mwekundu ulioganda. Aliufahamu kwa rangi, na alipoukwangua kwa ukucha na kuuonja, aliufahamu kwa ladha. Ulikuwa udongo wa shamba lake.

Shamba hilo alililima na mumewe, Hasani, kwa miaka ishirini na miwili. Katikati yake palikuwa na mti wa msolo wenye kivuli kizito, na chini ya msolo huo walizikwa wakubwa wa ukoo, na mwisho Hasani mwenyewe. Mtoto akienda jandoni, mtu akiugua, mvua ikichelewa, unga wa mtama ulimwagwa pale shinani polepole mpaka ukafanya kilima kidogo, na habari zikasemwa. Mti wa namna hiyo haukatwi hivi hivi. Ikilazimu kuukata, mkubwa wa ukoo huutangulia kwa siku tatu, humwaga unga, huuambia sababu na siku. Ukishaambiwa, ndipo shoka linakuja.

Mwaka 1948 watu wa karanga walikuja na ramani iliyoandikwa kwamba pale ni pori tupu. Walifunga mnyororo kati ya matrekta mawili, wakatembea nao. Kufika saa sita mchana shamba lilikuwa halina mti, na makaburi yalikuwa yamesawazishwa vizuri sana, kwani mashine zile zilijua kazi yake. Hakuna aliyeuambia msolo neno lolote. Karanga zilipandwa, nyingi zikakauka, na pale msolo uliposimama likajengwa banda la matrekta. Madereva walilipenda banda lile kwa ubaridi wake, wakasema wajenzi walikuwa hodari.

Sikuzani alihamia Lionja kwa shemeji yake Kaimu, akajenga nyumba ya udongo na nyasi. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, arudishiwe shamba, na kama shamba zima ni shida, basi arudishiwe pale penye makaburi apate mahali pa kukaa na wafu wake. Mara tatu alikwenda ofisi ya madai ya ardhi kule Nachingwea, na mara tatu alionyeshwa ramani. Alipopeleka mashahidi aliambiwa kwamba mashahidi wana midomo tu. Alete kitu kinachoonekana.

Masika yaliyotangulia, nyasi zilioza na ukuta mmoja ukamwagika ndani usiku, juu ya gunia la mbegu. Ndiyo maana aliuza ufuta wake wote akatafuta bati.

Saturnini aliezeka kwa siku nne. Alibomoa paa la zamani, akasimamisha pau mpya kwa mwinuko mkali, maana paa lililolala hulimbikiza maji. Huku kwetu mvua huja na upepo kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo alianza kupiga mabati upande wa kusini magharibi akaja mbele, kila bati likilalia la kabla yake kwa migongo miwili, ili upepo usipate mdomo wa kuingilia. Misumari aliipiga kwenye mgongo wa bati, hakuipiga kwenye bonde ambako maji hupita, na chini ya kila kichwa cha msumari aliweka kipande cha mpira alichokata kwenye gurudumu la trekta. Kaimu, ambaye alikuwa mzee wa kukosoa, alizunguka nyumba siku zote nne akatafuta kosa na hakuliona, jambo lililomkera.

Siku ya nne, saa kumi jioni, msumari wa mwisho uliingia na kivuli kikashuka uani. Hakikuwa kivuli cha nyumba. Kilikuwa na shina, na matawi makubwa matano, na majani mengi yaliyokuwa yakitikisika, ingawa juu pale palikuwa na bati tupu na hewa. Saturnini aliteremka kwenye ngazi, akakitazama, akahamishia vifaa vyake ndani yake kwa sababu jua lilikuwa kali.

"Msolo huo," alisema.

"Ndiyo," alisema Sikuzani.

"Uzito wake sikuuhesabu kwenye pau."

Kesho yake alirudi akaongeza nguzo mbili ndani, wala hakudai nyongeza.

Kaimu aliketi kivulini na kiko chake, akafikiri kidogo. "Mti wenyewe hauna kosa," alisema. "Haukuambiwa kwamba umekatwa. Mlitaka uende wapi?"

Watu walizoea upesi. Asubuhi kivuli kililala upande wa magharibi wa nyumba, jioni upande wa mashariki, na mchana kilijikunja kuzunguka kuta. Ndani palikuwa na ubaridi ambao nyumba ya bati haina. Njiwa walitua juu kidogo ya paa, kimo cha mtu mmoja, wakakaa pale hewani wakikwaruzana. Mvua ya kwanza iliponyesha haikupiga kelele za bati. Ilisikika kama inavyosikika kwenye majani, na ilipokatika kila mahali, kwa Sikuzani iliendelea kudondoka nusu saa nzima. Kila siku alfajiri alifagia majani. Wanawake wa jirani walileta mihogo yao kumenyea pale, na wengine waliondoka wakiwa wamesahau visu, kama watu wanavyosahau vitu mahali wanapopaona pao.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwenye kivuli cha tawi la tatu kulikuwa na kivuli cha mzinga wa nyuki. Sikuzani aliutambua siku ya kwanza ile ile, ukamkata maini. Hasani aliuchonga mwenyewe, na aliuning'iniza kwa mshipi wa gome uliofungwa mafundo mawili, kwa sababu hakuwahi kuamini fundo moja. Mafundo yote mawili yalionekana ardhini. Sikuzani alikaa kando yake mpaka kivuli kikasogea, naye akasogea nacho.

Baadaye alifuta macho na akili ikamjia. Ofisi ilitaka kitu kinachoonekana. Alivaa kanga safi akaenda Nachingwea.

Karani aliyetumwa kukagua aliitwa Eustakio. Alifika mwezi wa tatu kwa baiskeli, miguu imejaa tope, akaomba maji ya kunawa kabla ya kuomba kiti. Alikuwa kijana mwangalifu. Alipima kivuli saa tatu asubuhi, akakipima tena saa sita na saa kumi, akaandika. Aliokota majani saba akayatia kwenye bahasha. Alihesabu matawi. Alipofika kwenye mzinga aliinama, akaufuata mshipi kwa ncha ya kalamu.

"Huu ni wa nani?"

"Wa marehemu mume wangu."

"Alikuwa anafunga mafundo mawili?"

"Siku zote."

Eustakio aliandika mafundo mawili. "Mzinga haujitundiki wenyewe," alisema. "Palipo na mzinga pana mtu. Mama, mimi naandika ninachokiona, na hiki nimekiona."

Kwa wiki saba Sikuzani aliishi na sentensi hiyo. Alisonga nayo ugali, akalala nayo. Alimwomba Saturnini amchongee vibao vya kuweka makaburini, akamtajia majina ya wakubwa wote, na la Hasani la mwisho. Saturnini alichonga vibao tisa, vikaegemezwa ukutani vikisubiri.

Barua ilikuja mwezi wa tano. Eustakio aliileta mwenyewe kwa sababu alijua hakuna wa kuisoma, na aliisoma akiwa amesimama. Ofisi ya madai ilimshukuru mlalamikaji. Ilikubali bila shaka yoyote kwamba mti wa msolo upo, na kwamba ni mti uleule. Mti unaodaiwa kung'olewa, barua iliendelea, umekaguliwa na kuonekana nyumbani kwa mlalamikaji, Lionja, ukiwa mzima, una matawi matano na mzinga mmoja. Kwa hiyo mlalamikaji hakupoteza kitu. Shamba litabaki kama lilivyo kwenye ramani.

Njiwa waliruka, wakatua tena palepale.

"Niliandika kweli tupu," alisema Eustakio.

"Najua, bwana karani. Keti unywe maji."

Aliketi kivulini akanywa. Alionekana kuaibika, na Sikuzani alimhurumia, ingawa alikuwa na haki ya kuhurumiwa yeye kwanza.

"Na makaburi je?" aliuliza. "Hayo nayo yameonekana kwangu?"

Eustakio aliigeuza karatasi upande wa pili, ambako hapakuandikwa kitu. "Makaburi hayakutoa kivuli, mama. Sikuwa na cha kupima."

Kaimu alikuwa amesikiliza yote na kiko chake kimezimika. Akasema, "Shemeji, mimi ndiye mkubwa wa ukoo sasa, lakini unga ni wako na nyumba ni yako. Uambie mti. Uambie siku ile kulikuwa na mnyororo, umekatwa, basi. Ukishajua utakwenda zako. Hapo utakuwa umepoteza kweli, na ofisi itaona."

Wote wawili walimtazama karani. Eustakio alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofanya kila kitu.

"Mti ukiondoka," alisema, "nitatumwa tena kukagua. Nitakuta bati. Nitaandika kwamba hakuna mti."

"Na ofisi?"

"Itatazama ramani."

Alimaliza maji yake, akashukuru, akapanda baiskeli.

Asubuhi iliyofuata Sikuzani alitwanga mtama, akaupepeta, akatoka na unga kwenye sahani ya bati. Kivuli kilikuwa upande wa magharibi. Alilitafuta shina mpaka pale linapogusa ukuta, akapiga magoti, akaanza kuumwaga unga polepole, na kilima kikapanda bila kubomoka. Kaimu alisimama nyuma yake, kofia mkononi, akisubiri.

Alianza na habari ndogo. Aliueleza mti kwamba mvua za mwaka huu zilikuwa za kutosha na ufuta umesimama vizuri, kwamba fundi Saturnini amepata mapacha, na kwamba pale kwenye makutano ya njia wamechimba kisima na maji yake yana chumvi kidogo. Aliuambia kwamba kuna mtoto kwenye ukoo amezaliwa ametanguliza miguu, yuko salama, ameitwa Hasani. Aliuambia kwamba nyuki wanasikika jioni na kwamba mafundo bado yanashika.

Upande wa pili wa ukuta vibao tisa vilikuwa vimeegemea, vimeanza kushika ukungu wa kijani. Kule kwenye shamba, mwendo wa saa tatu kwa miguu, nyasi zilikuwa zimefika kifuani na hapakuwa na mtu aliyelima. Kaimu alikohoa, ili kumkumbusha habari ya mnyororo.

Sikuzani alitazama mkono wake juu ya ardhi. Ulikuwa ndani ya kivuli mpaka kwenye kiwiko, nao ulikuwa wa baridi.

"Ni hayo tu," aliuambia mti.

Akainuka, akakung'uta unga kwenye kanga, akachukua ufagio kwa sababu majani yalikuwa yameanza kuanguka.