Nywele Alizoziacha Tusekile

Aliyekuwa ananinyoa ni mke wangu, Tusekile. Mkasi wake, stuli yake, huko uani kwenye migomba, na maneno yake ya kunisema kichwani kama mvua. Alipofariki, mwaka juzi, sikunyoa tena. Sikuchana pia. Watu wa kijijini kwetu, Kisondela, wakadhani nimeingia dini nyingine. Sikuingia popote. Nilikaa tu.

Alivyofariki nasema mara moja, nisije nikaharibu habari. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Siku mkubwa mmoja alipokuja kukata utepe, mafuta yalikuwepo. Basi.

Baridi ya kwetu inajulikana. Nikilala nilikuwa najifunga kichwani sweta lake la sufu, lile jekundu la mitumba, na mimi mtu wa kujigeuza. Nywele zikashikana. Nyuma ya kichwa zikawa bapa moja gumu kama soli ya kiatu.

Zingekaa hivyo hivyo, ila binti yetu wa mwisho, Tumpe, akachumbiwa. Kijana anaitwa Medard, mwalimu, kwao ni Kigoma, aliletwa huku na ajira. Ndugu zake wakasema watakuja Jumamosi kuzungumza habari ya mahari. Hapo ndipo dada yangu mkubwa, Tulia, akanipigia simu.

"Ambindwile, bado una zile nywele?"

"Ninazo."

"Wageni wa mahari hawaingii nyumba ambayo baba ana nywele za msiba. Kwa ukoo wetu hakuna kitu hicho. Unataka binti aolewe na matanga mgongoni?"

"Nitanyoa nikipenda."

"Utapenda Jumamosi. Nakuja na wembe." Akakata.

Nikakaa nimeshika simu. Sikuwa nakataa kwa ubishi, ingawa mbishi mimi ni mbishi. Ncha za hizi nywele ziliota Tusekile yupo. Aliziona. Alizishika akasema, "Umeanza kufanana na mbuzi, wiki ijayo nakunyoa." Wiki ijayo yenyewe haikufika. Sasa nikizinyoa nitazitupa wapi? Jalalani, kuku wachakure?

Tumpe alikuwa anamenya ndizi, amesikia yote. Akasema, "Baba, shangazi anakataa nywele za msiba. Zikitengenezwa, si za msiba tena."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Mjini kuna msusi wa dredi, anaitwa Mwanaheri. Twende kesho."

Ijumaa tukapanda bodaboda, wote wawili nyuma ya kijana mmoja, kwenda Tukuyu. Barabara ile inachongwa kila baada ya miaka mitano, mwezi mmoja kabla ya kura. Mwaka huu siyo wa kura, kwa hiyo tulishuka mara mbili tukatembea kwenye tope.

Mwanaheri ana kibanda nyuma ya soko. Mwanamke wa makamo, ushungi umebana, mikono mikubwa. Akanisalimu shikamoo, nikaitika, akanikalisha akanigusa kisogo.

"Subhanallah! Baba, hii nani kakutengenezea?"

"Hakuna mtu."

"Unalalia nini?"

"Najifunga sweta. La sufu."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Ndiyo maana! Mimi wateja wangu nawasugua na kitambaa cha sufu, duara, duara, mpaka bega linauma, ndipo nywele zikubali kushikana. Wewe umejisugua mwenyewe umelala! Watu wakikujua nitafunga duka."

Nikacheka na mimi. Ilikuwa zamani sijacheka.

Tumpe alikuwa amebeba chupa ya mafuta ya parachichi, akaitoa. Mwanaheri akaisukuma pembeni. "Mafuta baadaye sana, tena kidogo, ya ngozi. Unywele wenye mafuta unateleza, haumshiki mwenzake." Akaniosha kwa sabuni ya mche, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nywele zikakwaruza kama katani. Kisha akaanza kulipasua lile bapa kwa vidole, polepole, akitenga fungu moja moja. Iliuma. Nikauma meno.

Halafu akachukua sindano ndogo yenye ndoano nchani. Anaichomeka ndani ya fungu, ananasa unywele uliochomoza nje, anauvuta ndani. Tena, na tena, huku fungu likizidi kukaza. Akimaliza analiweka katikati ya viganja, analisokota kama mtu anayetengeneza kamba. Ukilishika baada ya hapo unaona ni kitu kimoja, si nywele nyingi.

Alipofika kisogoni akasimama. "Huku kuna nyuzi nyekundu, zimeingia kabisa. Nazichomoa, zinachafua kazi."

"Ziache."

"Zitaonekana, baba."

"Zionekane. Ni za mama yake huyu."

Mwanaheri akamtazama Tumpe. Tumpe alikuwa anatazama picha za mitindo ukutani, macho yamejaa. Mwanaheri akachukua sindano akazirudisha zile nyuzi ndani, mmoja mmoja, kwa uangalifu kuliko alivyofanya nywele zenyewe.

Alipotaka kuwasha mashine ya kukaushia, umeme ukakatika.

"Wamekata," nikasema. "Siku wanaomba kura haukatiki."

"Baba naye!" Tumpe akasema. "Kila kitu ni wao?"

"Mvua tu siwasingizii. Na hata hiyo, mfereji wa kuipeleka wameuziba wao."

Mwanaheri akawasha jiko la mkaa. "Sogea hapa. Kwa mvua za Tukuyu, dredi ikilala mbichi inaota ukungu kwa ndani, utanuka kama gunia. Na mwanzo mwanzo uje nikukazie mizizi." Nikageuzwageuzwa mbele ya jiko kama hindi la kuchoma, mpaka zikakauka. Nikamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu," na asante ile ilitoka ndani hasa.

Jumamosi asubuhi dada Tulia akafika na wembe, beseni na mkoba wake begani.

"Kaa hapo."

"Dada, tazama kwanza."

Akavaa miwani. "Hiki kitu gani?"

"Dredi."

"Za wahuni."

"Shangazi, zimetengenezwa," Tumpe akasema. "Nywele za msiba ni za mtu asiyejitazama. Baba kashinda saluni jana kutwa."

"Wewe nyamaza, hujaolewa bado." Akakamata moja akaivuta.

"Aah!"

"Inauma?"

"Inauma!"

"Basi ni zako." Akaanza kuzipekua kama anatafuta chawa. Nikasikia vidole vimesimama kisogoni. "Hili si sweta la Tusekile?"

"Ndilo."

"Nilikuwa naye siku analinunua. Alibishana na muuza mitumba mpaka nikaona aibu, nikaenda kujificha kwenye vitunguu." Akacheka kwa pua. Lakini wembe bado ulikuwa mkononi.

Nikasema, "Dada, hizo ncha yeye aliziona. Ukizikata, sina nyingine."

Akaiachia ile dredi. "Ungesema hivyo kwenye simu."

"Uliikata simu."

"Hm." Akachovya wembe kwenye beseni. Akaninyoa ndevu. Kisha shingo, kisha pembeni ya masikio, akachonga na paji la uso mstari ulionyooka, na nywele za juu hakuzigusa. Akamwaga maji kwenye migomba. "Nimekunyoa. Mtu wa ukoo akiuliza, mwambie aje kwangu."

Nikataka kuinuka. Akanibonyeza begani. "Huyu msusi wako hapa alichoka. Tazama, zimelegea." Akapekua mkobani, akatoa sindano anayofumia vitambaa vya meza.

"Dada, hiyo ni ya vitambaa."

"Na kichwa chako ni kitu gani?"

Akaanza kunasa na kuvuta, kunasa na kuvuta, akinuna kwa raha kabisa. Huko chini tukasikia bodaboda za wageni zinapandisha, moja imekwama kwenye tope inanguruma.

"Hiyo barabara," nikasema, "ule mwezi waliopita hapa wakaahidi kifusi..."

"Ambindwile, kichwa kisitikisike."

Nikatuliza kichwa. Wageni walifika, Tumpe akawapa viti na maji ya kunawa, wakangoja kidogo nje mpaka dada alipomaliza ile ya nyuma ya sikio.