Koti Lililonukia Shuka za Hoteli

Hotelini walimwita Mama Marashi, na jina hilo alilipokea kama cheo. Kwa miaka kumi na moja hakuna shuka iliyotoka kwenye chumba chake cha kufulia bila kunukia. Madobi wengine hupima kilainishi, ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo, kwa kifuniko cha chupa. Yeye alipima kwa jicho, na jicho lake halikuwa bahili.

Jumanne moja mgeni wa ghorofa ya tatu alishusha koti la mvua lililojaa tope, na kikaratasi kimebanwa kwa pini kwenye kola: msitie kilainishi, tafadhali.

"Watu wana makuu," Mama Marashi alisema. "Nguo isiyonukia imefuliwa au imeloweshwa tu?"

Mpiga pasi wa chumba hicho hakucheka. Alikuwa mtu mzima, mpole, na kabla ya hoteli aliwahi kutunza nguo za wapanda milima. Alichota maji kwa kiganja akayanyunyiza begani mwa koti. Pale penye tope yalizama. Pale palipokuwa safi yalijikusanya matone, yakabingirika hadi sakafuni.

"Juu ya kitambaa kuna dawa ya kuzuia maji," alisema. "Tope linaiziba, lakini tope linatoka. Kilainishi kinaifunika na kubaki pale pale. Basi maji hayateremki tena, yanaingia kwenye kitambaa, na mwenye koti anaganda humo ndani akidhani amejisitiri."

Mama Marashi alivuta kiti akakaa.

Mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu. Miezi mitano nyuma mvua ilimkuta juu ya mnara, akakaa huko saa tatu, akashushwa midomo imegeuka rangi. Mapafu yalimlaza hospitali siku kumi na sita. Koti alilovaa lilikuwa zawadi ya mdogo wake, mwenye duka la nguo za mvua. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alisema mbele ya ukoo mzima kwamba ndugu yake wa tumbo moja amempa koti feki. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusalimiana, na mdogo mtu hakukanyaga tena pale nyumbani. Mama Marashi naye hakuwa ameketi kimya. "Ndugu gani huyo?" alisema, na watu walitikisa vichwa.

Na koti lile alikuwa amelifua yeye, kabla ya mvua ile. Mara tatu, kwa mapenzi yote, kwa jicho lisilo bahili.

Tusimpambe. Wazo la kunyamaza ndilo lililomjia kwanza, na lilikaa naye siku mbili. Hakuna ambaye angejua. Mumewe alikuwa mzima, anakula, anapanda minara kwa koti jingine. Kilichobaki ni jina la shemeji yake, na jina la mtu halikohoi usiku. Siku ya tatu alijionea aibu, akalitoa koti la mumewe kwenye mfuko chini ya kitanda, akaenda nalo kazini.

Alilifua kwa sabuni ya maji isiyo na harufu. Alilisuuza, akalinusa, likanukia bado. Akalifua tena, akalisuuza mara nne, hadi maji yakatoka bila povu. Mpiga pasi alimwonyesha utepe uliozibia mishono kwa ndani, umeshika kila mahali. "Feki haziwekwi hivi," alisema, wala hakuuliza koti ni la nani. Likiwa bado bichi wakalipulizia dawa mpya, wakapangusa iliyozidi kwa kitambaa, wakalikausha kwenye mashine kwa moto mdogo. Kisha Mama Marashi akalimwagia maji. Yalikimbia yote.

Jumapili mchana aliwaita wote wawili uani, kila mmoja bila kumwambia kama mwenzake anakuja. Walipoonana walinuna. Yeye alisimama katikati, koti mkononi, karibu na bomba.

"Baba watoto, koti hili si feki," alisema. "Mimi ndiye niliyeliharibu. Nililifua kwa kilainishi, likaacha kuzuia maji."

"Wewe?" mumewe aliuliza.

"Mimi. Na nikamsema mdogo wako mbele za watu."

Mwenye duka alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilijua, shemeji," alisema.

"Ulijua lini?" Mama Marashi aliuliza.

"Hospitalini. Nilipewa nguo zake kwenye mfuko. Nilipoufungua, koti lilinukia shuka za hoteli. Nauza makoti, shemeji. Nilijua hapo hapo."

"Karibu miezi mitano umeitwa tapeli. Mbona hukusema?"

"Kaka alikuwa hawezi hata kukaa. Wewe ndiye uliyekuwa unamlisha kwa kijiko. Ningemwambia nini?"

Mume alilichukua koti mkononi mwa mkewe, akalivaa, akafunga zipu hadi kidevuni, akavuta kofia yake kichwani. Akasimama kando ya bomba na kumwambia mdogo wake, "Nimwagie."

Mdogo mtu alijaza jagi akammwagia mabegani. Maji yaliteremka yakatapakaa chini. Akajaza la pili, nalo likateremka hivyo hivyo.

"Haliingizi," mume alisema. "Nimeona."

Mdogo wake hakuliweka jagi chini. Alilijaza mara ya tatu, pomoni, bila haraka. Akasogea, akaishusha kofia ya koti kutoka kichwani mwa kaka yake kwa vidole viwili, akammiminia maji utosini. Yalipita usoni, yakaingia shingoni, yakashuka ndani ya koti. Kaka mtu alifumba macho na hakusogea hadi jagi likaisha.

Mama Marashi alifungua kilemba chake, akakitundika kwenye kamba ya nguo, akaja kusimama nyuma ya mumewe kungoja zamu yake.