Nukta Mbili kwenye Pistoni

Jumanne saa nne asubuhi fundi alikuwa anasugua bloku ya injini kwa dizeli na mswaki mkuukuu, ndani ya pipa lililokatwa nusu, wakati pistoni ya kwanza ilipoingia gereji. Ilibingirika kutoka ng'ambo ya barabara, ikasubiri lori la mchanga lipite, ikavuka, ikapenya katikati ya matairi mabovu na kusimama kando ya kiatu chake. Fundi alimaliza kwanza kona aliyokuwa anaisugua. Kisha akafuta mikono, akaiokota, akaipima upana na urefu. Ilikuwa saizi yenyewe.

"Bado tatu," alisema.

Baba yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha basi kilichong'olewa zamani kikawa kiti cha mzee, alikunja miguu ili hizo nyingine zipate njia.

Injini ilikuwa ya pikapu ya mzee mwenyewe, ile aliyoanzia kazi, na ilikuwa imelala miaka kumi na moja. Mwezi uliopita mzee aliwaita watoto wake wawili. Akasema amechoka, macho yamegoma, na gereji atamwachia yule atakayeifufua pikapu. Aliyasema hayo mbele ya mama wa duka la spea, mwanamke ambaye akisikia jambo asubuhi, hadi mchana mtaa mzima unalo. Kwa hiyo halikuwa neno la kurudishwa mdomoni.

Fundi aliitaka gereji hiyo, aliitaka kwa moyo wake wote, na hakuona haya kuitaka. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshinda chini ya magari ya watu, na kaka yake mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Meneja, hata mke wake, alikuwa ameshinda ofisini akipokea pongezi. Mteja akija kuchukua gari lake anamshika Meneja mkono na kuutikisa: "Fundi wewe, mikono yako ina baraka!" Mikono yenyewe ilinukia sabuni ya kuogea. Kila injini iliyotoka pale ilikuwa na kadi yake, na kwenye kadi, mahali pa jina la fundi, paliandikwa jina la Meneja, maana kalamu ilikaa ofisini.

Tumpe haki yake, Meneja naye alihangaika. Alichukua kitabu cha magari, akatafuta aina na mwaka, akaenda dukani na kurudi na boksi la pistoni, ringi na beringi zinazong'aa.

"Tazama," alimwambia dada yake. "Zinafanana kama mapacha."

"Kufanana zinafanana. Kukaa hazitakaa. Baba alishazichonga silinda hizi mara mbili, kitabu hakijui."

"Kitabu kimeandikwa na waliotengeneza gari!"

"Ndiyo, kaka. Baada ya hapo gari likaja kuishi na baba."

Meneja alizijaribu hivyo hivyo. Zilicheza ndani ya silinda kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Mama wa spea alilipokea boksi lake akinung'unika, akasema pistoni za saizi wanayoitaka wao kiwanda kiliacha kuzitengeneza yeye akiwa bado msichana. "Msizunguke bure, wanangu. Hata kwa dawa hamzipati."

Basi fundi akafanya kama alivyofanya siku zote. Alipima silinda moja moja, akaandika vipimo kwa chaki kwenye ukuta wa uani asije akavisahau, akaenda kula. Hakuita kitu, hakuomba, hakufukiza chochote. Kesho yake ndiyo Jumanne, na pistoni zikaja zote nne kabla ya saa sita.

Ringi zilikuja Jumatano, zikifukuzana kama watoto waliotoka shule. Beringi zilipitia mtaroni, ikabidi zioshwe. Pampu ya oili ilifika Alhamisi jioni ikichechemea, maana ilikuwa imepoteza bolti moja njiani. Siku ya kamshafti, askari wa barabarani alisimamisha magari pande zote mbili, kwa sababu ni ndefu na inageuka polepole. Madereva walizima injini wakangoja. Mama wa spea peke yake ndiye aliyelalamika: "Zinanipita mlangoni, salamu hakuna!"

Meneja aliona isiwe taabu. Alichukua chaki, akaandika kipimo cha valvu kwa mwandiko wake mzuri, chini ya ule wa dada yake, akaenda kusimama getini na tai yake shingoni. Alisimama hadi alasiri. Kilichokuja ni nati moja tu. Ilipita katikati ya miguu yake ikaenda kwa dada mtu.

Ijumaa, mzee aliomba aletewe pistoni. Macho hayakuwa na kazi tena, lakini kidole gumba chake kilikuwa bado kizima. Alikipitisha upande wa ndani, chini kabisa, akakuta nukta mbili zimegongwa kwa panchi. Akaomba nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa na nukta mbili. Hata pampu ilikuwa nazo.

Alama hiyo fundi aliianza akiwa na miaka ishirini, baada ya kuona kadi yake ya kwanza ina jina la mtu mwingine. Kila kifaa alichokifunga kwa mkono wake alikigonga nukta mbili pasipoonekana. Sasa vilikuwa vimetoka vilikokuwa: kwenye kigari cha mkunga kilichoangukiwa na ukuta, kwenye basi la shule lililoachwa nyuma ya bohari, kwenye lori la maji lililopinduka. Hakuna gari lililo hai lililopungukiwa hata skrubu. Meneja aliyatambua yote, maana aliwahi kuyaandikia kadi. Mzee alivirudisha vifaa kimoja kimoja.

Jumamosi injini ilifungwa. Fundi alikaza bolti za hedi kwa utaratibu wake, kuanzia katikati kwenda nje, akatia oili, akampa kaka yake ufunguo kwa sababu yeye alitaka kubaki mbele akisikiliza. Iliwaka mara ya kwanza. Haikugonga, haikutoa moshi, ilinguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Mama wa spea alipiga vigelegele. Fundi aliweka kiganja juu ya hedi, akasikia fahari inampanda kutoka kwenye nyayo hadi kooni. Aliacha ipande.

Mzee akainuka, akalia kidogo, akatoa karatasi ya gereji mfukoni na kumpa Meneja. "Hongera, mwanangu," alisema. Watu wakapiga makofi. Mama wa spea alisonya, kisha naye akapiga.

Walipoondoka, fundi alichuchumaa mbele ya kile kiti cha basi.

"Baba, zile nukta umezishika kwa kidole chako."

"Nimezishika."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka wako wa kwanza. Nikose kuijua kazi ya mwanangu? Mimi mwenyewe sijawahi kufunga injini ikatulia hivi."

"Sasa?"

"Kaka yako hajui kitu, mama. Nisipompa gereji, atakuwa nani? Wewe una mikono."

"Mikono ni yangu, baba. Na gereji ilikuwa yangu."

Mzee aliigeuzia pikapu sikio. "Inalia vizuri," alisema. Fundi alikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Hata hivyo alikaa pale akiisikiliza, maana kweli ilikuwa inalia vizuri, na aliyeifanya ilie hivyo alimjua.

Jumatatu alfajiri alipofungua mlango wa nyumba yake alikuta pampu ya maji imekaa kwenye ngazi. Majirani walisema imepita mbele ya gereji bila hata kupunguza mwendo, ikapandisha kilima chote hadi kwake. Aliigeuza, akazikuta nukta zake mbili. Ilikuwa saizi yenyewe ya teksi iliyokuwa inasubiri tangu Ijumaa. Akaipangusa vumbi, akaitia kwapani, akaenda nayo kazini, gereji kwa kaka yake.