Rafu ya Vitabu vya Safari

"Miaka kumi na tisa, Mwalimu! Kumi na tisa nabeba vitabu begani nyumba kwa nyumba kama muuza samaki, halafu garini anapanda huyu?"

"Punguza sauti, Vilasini. Chini watu wanapima maziwa."

"Wasikie. Na maziwa yenyewe yagande!"

Mwalimu Divakaran, katibu wa maktaba ya Punnakkara, alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Alikuwa amefundisha hesabu hadi alipostaafu, na mpaka leo mtu akigombana naye humtazama kana kwamba amekosea kujumlisha. Nyuma yake, kando ya kabati la daftari, alisimama Anjusha, binti wa miaka ishirini na sita mwenye diploma ya ukutubi na miezi minane kazini. Alikuwa na adabu ya kutazama chini. Adabu hiyo nayo ilimuudhi Vilasini.

"Dada, mimi sikuomba kwenda," Anjusha alisema.

"Usiniite dada. Dada ananyang'anywa tonge mdomoni?"

Tonge lenyewe lilikuwa kiti kimoja. Kila mwaka fungu la fedha za baraza lilipofika, wanaume wa kamati walikodi gari, wakaenda maonyesho ya vitabu mjini Kannur, wakarudi na maboksi. Walichochagua ndicho Punnakkara ilichosoma mwaka mzima. Safari hii kamati ilikubali, baada ya Vilasini kuisumbua miaka na miaka, kwamba mfanyakazi mmoja wa maktaba aende akachague. Mmoja. Vilasini alipiga pasi sari yake ya sikukuu ya Onam, akanunua kandambili mpya. Jana jioni ndipo aliposikia jina lililopitishwa.

"Kamati imefuata hoja," Mwalimu alisema. "Anjusha amekaa wiki tatu anahesabu mihuri. Ametuletea takwimu. Tunajua sasa watu wanasoma nini. Wewe umetuletea nini?"

"Miguu."

"Miguu haipigiwi kura." Mwalimu akamsukumia karatasi. "Hii hapa orodha. Isome mwenyewe, uone kama umeonewa. Sisi tunaondoka saa saba."

Vilasini aliichukua kwa ncha za vidole. Mwandiko ulikuwa mzuri, jambo ambalo halikumsaidia. Tangu binti huyu aje, kila kitu chake kilikuwa kizuri. Aliwapiga vita mchwa, wakashindwa. Alivivika vitabu majalada ya plastiki. Wanafunzi ambao hawakuwahi kupanda ngazi za maktaba sasa walizipanda wawili wawili. Hata binti yake mwenyewe Vilasini, muuguzi huko Muscat, alisema kwenye simu: "Lakini Amma, huyo ana akili." Vilasini alikata simu akasingizia mtandao.

Akasoma. Vitabu mia na themanini vya kununuliwa. Mstari wa kwanza: *Vitabu vya safari, ndivyo vinavyoazimwa kuliko vyote. Vinunuliwe sabini.* Mstari wa mwisho: *Hadithi za upelelezi, mwazimaji mmoja tu. Zisinunuliwe.*

Masikio yakamwaka moto.

Mihuri ile ya vitabu vya safari ilikuwa yake.

Sheria ya Punnakkara ilikuwa nyepesi. Chumba ni kimoja, juu ya kituo cha maziwa, na rafu hazizai. Kila mwaka kabla vipya havijaingia, vya zamani hutolewa. Kitabu ambacho karatasi yake ya tarehe haijagongwa muhuri kwa miaka mitano huenda kwa mnunuzi wa karatasi, kikafungiwe karanga. Na pale dirishani palikuwa na rafu mbili za vitabu vya safari: watu waliotembea kwenye theluji, waliovuka majangwa na ngamia, waliokaa na wachungaji kwenye nyanda ambako mti hauoti. Vilasini alivisoma vyote mwaka aliofiwa na mume. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wa wilaya. Hakuna mwingine aliyeviomba, na kusema kweli, waliowahi kuviomba aliwaambia vimetoka. Mvua zilipofunga njia na maktaba ikabaki yeye na mijusi, alivishusha kimoja kimoja, akavigonga muhuri wa tarehe ya siku hiyo, akaviandika kwenye daftari kwa majina ya watu waliokwishahama, akavirudisha. Mwaka hadi mwaka. Hakuona kama ni uongo. Aliona ni kama kumwagilia.

Na sasa binti wa diploma alikuwa amezihesabu mvua zote hizo akadhani ni wasomaji.

Kilichomjia Vilasini kwanza hakikuwa aibu. Kilikuwa furaha, furaha ya kijicho, tamu kama sukari guru. Akaona kila kitu: vitabu vipya sabini vimepangwa havina wa kuvigusa, mkaguzi wa baraza anafungua karatasi ya tarehe, nyeupe pe, kamati inageuka kama shingo moja, "Anjusha, ni nani hasa anayesoma hivi?" Hakuhitaji kuinua hata kidole. Kukaa kimya tu.

Akairudisha karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Orodha nzuri sana," alisema. "Nendeni salama."

Anjusha aliinua uso, macho yamejaa shukrani. "Kweli, da... kweli?"

"Kweli kabisa."

Akatwaa mfuko wake wa vitabu, akashuka ngazi anaimba.

Siku hiyo mfuko ulikuwa mwepesi. Alipita nyumba ya posta, alipita kwa mjane wa mgema tembo, alipita kwa mzee Kunjappan ambaye husoma kwa kioo cha kukuzia na kulaumu macho ya mwandishi. Saa nne na nusu akafika bandani kwa wakunja biri.

Banda lilikuwa refu, wazi pande mbili, na wanawake kumi na watatu walikaa mikekani na sinia mapajani. Kata jani, weka tumbaku, kunja, funga uzi. Vidole vyao havikutazamwa na macho tangu zamani. Katikati, juu ya kigoda, alikaa Nafeesa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, bila sinia. Yeye ndiye msomaji. Tangu enzi za mama zao ndivyo walivyofanya: mmoja husoma kwa sauti, wengine hukunja, na jioni kila mmoja humchangia kiasi cha biri zake ili naye asirudi mikono mitupu. Kitabu kimoja, mwazimaji mmoja, muhuri mmoja. Kwenye daftari la maktaba wanawake wengine wote wa banda lile hawakuwahi kuzaliwa.

"Amekuja, amekuja!" walipiga kelele. "Vilasini, tuambie una mwuaji mpya!"

Vilasini akatoa kitabu kwenye mfuko. Nafeesa alikitazama jalada, akakirusha mkekani.

"Huyu ni shemeji ndiye aliyeua. Kwa sumu ya panya. Tumemsoma mara tatu."

"Nne," alisema mmoja.

"Nne. Juzi nimefungua ukurasa wa kwanza tu, huyu Thankam akapayuka, 'Shemeji huyo, mkamateni!' Nikafunga kitabu. Tukakaa kama tuko matangani."

Wakacheka wote, lakini kicheko kilikwisha upesi.

"Si mnakwenda kununua leo?" Thankam aliuliza, bila kusimamisha vidole. "Umesema mwaka huu unakwenda wewe. Uliapa hapa hapa."

"Anakwenda wa diploma."

"Ehee." Nafeesa akajiegemeza nyuma. "Na huyo wa diploma anatujua?"

"Anajua takwimu."

"Takwimu ndiyo nani? Ana mdomo wa kuuliza Nafeesa anataka nini?"

Nafeesa akamtazama vizuri, kisha akateremsha ile sauti yake, jambo ambalo halikumjia kwa urahisi.

"Sikiliza, mwenzangu, nikuambie kabla hujasikia kwa watu. Msimamizi ameleta redio. Iko ofisini, kwenye boksi lake. Amesema kama mimi sina kipya cha kusoma, basi nirudi kwenye sinia na redio iwekwe hapa kwenye kigoda. Na hawa," akawanyooshea kidole, "nusu yao wanaitaka. Siwalaumu. Mtu atakaa mwaka mwingine na shemeji yule yule?"

"Mimi siitaki," alisema Thankam. "Redio haingoji mtu akienda chooni."

"Tumewapa ninyi wa maktaba hadi maboksi ya mwaka huu," mwingine akasema. "Yakija na upelelezi, Nafeesa anabaki. Yasipokuja, basi."

Vilasini alikaa kwenye ukingo wa mkeka. Wakampa chai. Alitazama kile kigoda, akajaribu kukiona na redio juu yake. Picha ilikuja mara moja, safi, na wivu uliomshika ulikuwa mkali kuliko ule wa asubuhi. Asubuhi alimwonea wivu msichana kwa sababu ya kiti cha gari. Sasa aliionea wivu redio, boksi la plastiki ambalo halijatolewa hata kwenye karatasi yake. Hawa walikuwa wake. Yeye ndiye aliyewatembelea, jua na tope. Na mwaka huu angewapa vitabu sabini vya theluji na ngamia, kwa mkono wake mwenyewe, kwa muhuri wake mwenyewe, ili tu binti mmoja aaibike.

Mtu aweza kuwa na roho ya korosho. Lakini si mpaka ajikaange nayo.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Sita inakaribia. Mbona unasimama? Chai hujamaliza!"

Alipofika kituo cha maziwa gari lilikuwa limekwishageuzwa, injini inanguruma, mwenyekiti wa kamati amelala kiti cha mbele mdomo wazi. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma na mkoba magotini. Anjusha alikuwa anaingia. Alivaa sari ya bluu, na ilimpendeza, Mungu amsamehe.

"Shuka," Vilasini alisema, pumzi juu. "Mwalimu, na wewe shuka."

"Vilasini, tumekwishamaliza jambo hili asubuhi."

"Mihuri ya vitabu vya safari nimeigonga mimi. Hakuna anayevisoma. Hakuna aliyewahi kuvisoma ila mimi."

Mwalimu alishuka. Alishuka polepole, mguu mmoja kisha wa pili, na uso wake ulikuwa na lile jicho la hesabu iliyokosewa. "Umegonga mihuri ya uongo. Kwenye daftari ambalo baraza linakagua."

"Kila masika. Ili msivitoe."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mwalimu, unajua kuhesabu kuliko mimi."

"Hili ni la kamati. Jumapili utasimama mbele ya kamati, na sijui utatokaje."

"Nitasimama. Sasa andikeni, muda unakwenda." Akamgeukia Anjusha. "Una kalamu? Wewe hukosi kalamu. Upelelezi, weka sitini. Vinene. Visiwe na shemeji. Yule mwazimaji mmoja uliyemwona kwenye daftari anawasomea wanawake kumi na watatu bandani."

Anjusha hakuandika. Alikuwa amekunja midomo, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane hakutazama chini.

"Asubuhi ulisema ni orodha nzuri sana."

"Nilisema."

"Ulitaka niende nikanunue uchafu. Nichekwe."

"Nilitaka. Nilitoka hapa naimba."

"Kwa hiyo umerudi kwa nini?"

"Si kwa ajili yako. Usijivune." Vilasini akajipangusa jasho kwa pindo la sari. "Andika, au nipe kiti niende mimi."

"Aende yeye, Mwalimu," Anjusha akasema ghafla. "Anawajua. Mimi nilihesabu wino tu."

Moyo wa Vilasini ulipiga mara moja, kwa nguvu, kama mlango unaofunguliwa.

"Hapana," alisema Mwalimu Divakaran. "Aliyechezea daftari hatanunua kwa fungu la baraza. Siwezi. Ningekuwa na akili zangu za ujana ningeweza." Akavaa miwani. "Ila ataje. Kutaja hakujakatazwa. Andika, Anjusha."

Basi Anjusha akaweka karatasi juu ya boneti ya gari, ile boneti ya moto inayotetemeka, akaukata mstari wake wa kwanza, akaandika. Vilasini akataja nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio wa njia, jinsi miguu inavyoikumbuka. Nyumba ya posta, mapenzi, lakini yasiyo na vifo. Kunjappan, maandishi makubwa, chochote, atalalamika tu. Shule, vya wadudu na nyota. Wale ndugu wawili wa kinu, wanagombea vitabu vya sheria. Maziwa yalipimwa, wateja wakasimama na ndoo kusikiliza, mmoja akapaza, "Na mimi, Vilasini?" naye akamjibu bila kugeuka, "Wewe rudisha kwanza ulichonacho."

Karatasi ilijaa pande mbili. Mwenyekiti aliamka akauliza kama wamefika. Wakapanda. Anjusha alikaa dirishani, akasema, "Dada," na safari hii Vilasini hakumkataza.

Gari likaondoka. Vilasini alilitazama likipinda kwenye miti ya mipira na kuanza kupanda mlima, na alitamani, kwa roho yake yote, lizime. Halikuzima. Lilipunguza mwendo kwenye mwinuko, likabadili gia, likakohoa.

Hapo akamkumbuka mjane wa mgema. Vitabu vya mapishi ya kuuza, alimwambia asubuhi hiyo hiyo, akimshika mkono: achari, chipsi za ndizi, vitu vya kuanzia biashara. Hakumtaja.

Akautua mfuko kwenye ngazi, akakunja sari hadi magotini, akavua kandambili mpya, akaanza kukimbia kupanda mlima nyuma ya gari, anaita jina la Anjusha.