Honi Mteremkoni

Dereva wa boza alikuwa na miaka kumi na tisa ya kusambaza maji mitaani, na hakuwahi kumkwaruza hata kuku. Alijua jambo ambalo wenye magari madogo hawalijui: ukikanyaga breki, gari linatii, lakini maji ndani ya tangi hayatii. Yanaendelea na safari yao, yanakusukuma mgongoni kama umati unaogombea mlango.

Asubuhi hiyo alikuwa akishuka mteremko wa shuleni na lita elfu kumi, shemeji yake kando akilalamikia jino lililomnyima usingizi. Mbele yao, pembeni kabisa mwa barabara, alikuwapo binti juu ya baiskeli, begi mgongoni, akitikisa kichwa taratibu kama anayekubaliana na mtu.

Dereva alipiga honi fupi, ile ya kusema nipo nyuma yako. Binti hakugeuka.

"Huyo yuko kwenye dunia yake," shemeji alisema, jino limeshasahaulika. "Hebu ona hizo hedifoni masikioni, kubwa kama vikombe vya chai!"

Dereva akapiga tena, ndefu. Muuza magazeti ng'ambo ya barabara aliruka. Mama mmoja akamvuta mwanawe kwa shati. Kila mtu alisikia, isipokuwa yule aliyepigiwa. Kulia, magari yalikuwa yakipanda yamefuatana, kushoto, mtaro. Dereva akaanza kukanyaga breki, na maji nayo yakaja.

Ndipo binti alipoona shimo mbele yake, akalikwepa kuelekea katikati. Wala hakuangalia nyuma. Kwake yeye barabara ilikuwa tupu.

"Toka! Mwanangu, toka!" dereva alipiga kelele ndani ya vioo vilivyofungwa, mguu umezama kwenye breki, kiganja kimeganda juu ya honi. Matairi yalilia. Kisha ukasikika mshindo mdogo, mdogo mno kwa jambo kubwa kama lile.

Alasiri, polisi walipomaliza kupima alama za matairi wakamruhusu aende, alikwenda moja kwa moja hospitali, shemeji nyuma yake. Binti alikuwa hai. Nyonga imevunjika, na mguu mmoja ulikuwa hausikii kitu. Mama yake, fundi cherehani, alisimama nje ya wodi, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma dereva.

"Kaka yangu, hukupiga honi?"

"Nilipiga, dada. Nilipiga sana."

"Mbona hakusikia? Mwanangu masikio yake ni mazima. Hata nikinong'ona jikoni ananisikia."

Shemeji alifungua kinywa. Dereva akamshika mkono anyamaze. Aseme nini? Akieleza, atakuwa amemtupia lawama mtoto aliyelala hajiwezi. Akinyamaza, basi ni yeye aliyemnyemelea mtoto wa watu akamgonga.

"Nilipiga, dada," alirudia.

Mama alimtazama kama anayesubiri maneno mengine. Muuguzi akamwita ndani, mlango ukafungwa.

"Twende nyumbani," shemeji alisema.

"Tukafanye nini?"

Wakaketi kwenye benchi la ukutani. Kila mlango ulipofunguka dereva alisimama, na kila mara aliyetoka alikuwa mtu mwingine, si yule mama.