Sinia la Mzee Romani

Kuku wa Mzee Romani walikuwa wakinenepa, na Kokuberwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kwa nini.

Yeye alijua kupika. Pamoja na majirani zake wa Mtoni walianzisha jiko uani kwao, wakawa wanawapikia watu walioambiwa hospitali wabadili ulaji na kuwapelekea chakula hadi mlangoni. Mwenye kunde alileta kunde, mwenye kuni alileta kuni. Chakula chenyewe kiliitwa cha makrobiotiki, jina ambalo Kokuberwa alitoka nalo chuoni pamoja na stashahada yake: mchele usiokobolewa, kunde, boga, mboga za msimu, sukari ikae mbali, na tonge litafunwe mpaka lilainike kabisa ndipo limezwe. Mtaani walilifupisha. Walisema "makro", kama timu ya mpira wa ndondo.

Mzee Romani alikuwa mchonga vinyago, na aliyemwandikisha kwenye jiko hilo ni mkewe, Rosalia. Sukari ilikuwa imempanda mzee, na vidole vya kushikia tezo vimeanza kufa ganzi. Kwa mchongaji hilo si jambo la kulala nalo. Basi kila adhuhuri Kokuberwa alimletea hotpoti yake karakanani. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akaiweka nyuma ya gogo la mpingo. Alisema atakula akimaliza kazi.

Siku moja Kokuberwa alisahau kuchukua hotpoti ya jana, akageuka njiani. Aliwakuta wachongaji wote mkekani, wamezunguka sinia la ubwabwa mweupe wa Rosalia, na Mzee Romani katikati yao, mkono umejaa. Nyuma ya gogo, kuku watatu walikuwa wameingiza vichwa kwenye hotpoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, profesa."

"Hao kuku wana sukari?"

Mzee hakugeuka. "Wanajikinga."

Mkeka mzima ulicheka. Kokuberwa hakucheka. Alinyakua hotpoti zake zote mbili, akasema kuna wagonjwa wengine wanaisubiri nafasi yake kwa hamu, akaondoka kwa hasira mpaka kanga ikamfunguka. Anwar, aliyejifunza kuchonga kwa mzee huyo, alimfuata hadi barabarani.

"Sista, ngoja. Kosa ni lako."

"Langu? Mie ndiye niliyewalisha kuku?"

"Umemtengea sahani. Pale kwenye mkeka hatugusi chakula mpaka mzee aanze, tangu mie nijue kushika tezo. Sasa wewe unampa kihotpoti, akajifiche nacho kona kama paka. Sie tungemwonaje? Angeona bora afe na ganzi yake."

Kokuberwa alisimama, akaifunga kanga yake upya. Kwao Bukoba ndizi zilimwagwa juu ya majani, watu wakazizunguka, na mgonjwa akasogezewa nafasi humohumo. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Chuoni walimfundisha kitu gani kiingie kwenye sahani. Hakuna aliyemuuliza sahani ziwe ngapi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Rosalia.

"Mama, kesho usipike."

"Na wale wanaume wangu wale nini?"

"Chakula cha mzee. Wote."

Rosalia alicheka mpaka akashika ukuta. "Watakuchonga wewe, mwanangu." Kisha akaingia ndani, akatoka na lile sinia kubwa.

Kesho yake adhuhuri lilitua mkekani limejaa: wali wa rangi ya udongo, kunde za nazi, boga, mchicha. Hotpoti hakuna.

"Ubwabwa uko wapi?" Anwar aliuliza.

"Ndio huu."

"Umeungua?"

"Haujakobolewa."

Macho yote yalimwendea Mzee Romani. Alinawa taratibu, akachungulia nyuma ya gogo.

"Changu kiko wapi?"

"Hicho hapo, mzee. Hakuna kingine."

Alilitazama sinia, akawatazama wenzake walioinua mikono mitupu wakimngoja. Halafu akafinyanga tonge, akalitia mdomoni, akaanza kutafuna. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Mzee, unameza lini?" Anwar aliuliza.

Mzee aliinua kidole: ngoja. Akameza. "Kuleni basi. Mnamngoja nani?"

Mikono ikaingia. Wanaume waliozoea kugombea sinia wakajikuta mashavu yamevimba, wanatafuna huku wanatazamana, kila mmoja akiona aibu kuwa wa kwanza kumeza. Mmoja akaguna, wa pili akapaliwa kwa kucheka, na Rosalia mlangoni akafuta machozi kwa upande wa kanga. Kuku walikuja, wakasimama kando ya mkeka, wakageuza shingo huku na huko. Hawakuambulia hata punje.

Sinia lilipobaki linang'aa, Mzee Romani alilamba vidole vyake kimoja kimoja, vile vyenye ganzi na visivyo na ganzi.

"Profesa. Umetunyima ubwabwa bila kutuuliza. Umekula njama na mke wangu. Kuku wangu watalala na njaa. Omba radhi, yaishe."

"Nimwombe nani?"

"Anza na kuku."

Kokuberwa alilichukua sinia, akaliweka kichwani.

"Siombi, mzee. Wala kwa kuku, wala kwenu. Kesho naleta ugali wa dona."